Afungaye Lazima Aweze Kufungua

Shangazi yangu, ambaye sisi Waganda humwita ssenga, huuza mashati ya mitumba katika soko la St. Balikuddembe, lile ambalo kila mtu Kampala analijua kwa jina la Owino. Kibanda chake kiko upande wa uwanja wa Nakivubo. Nimekaa naye pale likizo nyingi, nikikunja mashati na kuita wateja, na pale ndipo nilipoipata hoja ya insha hii.

Ramadhani moja, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, ssenga aliamka akala daku: chai ya rangi na kipande cha muhogo. Akameza vidonge vyake vya kisukari kama alivyovimeza kila asubuhi kwa miaka, akaenda sokoni. Ilipofika saa tisa alasiri alianza kutokwa jasho kupita kiasi cha joto la siku ile. Mikono ikamtetemeka. Mteja alimpa noti ya shilingi elfu ishirini kwa shati la elfu kumi, naye akamrudishia elfu ishirini na tano, kisha akabaki anamtazama kana kwamba hamwoni. Nikasema apewe soda. Jirani wa kibanda cha pili akanizuia: "Mwache, mwanangu. Ni mfungo tu huo. Zimebaki saa nne. Usimharibie thawabu zake."

Nilimtii jirani yule kwa dakika kadhaa, na hadi leo naona haya kwa dakika hizo. Aliyetuokoa ni mama mmoja muuza chai ambaye hakuomba ruhusa ya mtu. Alikoroga sukari nyingi katika maji ya vuguvugu, akahakikisha ssenga bado anaweza kumeza, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya kama robo saa ssenga alirudiwa na fahamu zake. Neno lake la kwanza halikuwa asante. Aliuliza, "Mmenivunjia funga yangu?" Kisha akalia. Kesho yake alifunga tena, akameza vidonge vilevile, ila safari hii alinikataza kumfuata sokoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza mijadala yetu kuhusu kufunga, bwenini, darasani na ndani ya takisi, nami nimechoshwa na pande zote mbili. Upande mmoja unasema kufunga ni dawa ya kila kitu: kunapunguza kitambi, kunaponya saratani, kunasafisha damu. Upande wa pili unasema kufunga ni sumu: kunaleta vidonda vya tumbo na kuumaliza mwili. Pande hizi hupigania swali moja, kwamba kufunga ni kuzuri au ni kubaya. Mimi nasema swali lenyewe halijakaa sawa. Tunachopaswa kuuliza ni hiki: huyu anayefunga, anaweza kufungua?

Hoja yangu ni kwamba mfungo wa muda mfupi, wa saa kumi na mbili, kumi na sita au hata siku nzima, unaweza kumfaa mtu ambaye njia ya kufungua iko wazi mbele yake. Kwa mtu aliyezibiwa njia hiyo, mfungo huohuo ni hatari. Na kinachoiziba njia hiyo mara nyingi hakimo tumboni. Ni aibu, ni umaskini, ni kutojua dawa unayomeza, au ni amri ya kiongozi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona jambo hili, kwa sababu lugha yenyewe inalisema. Kitenzi tunachotumia ni kufunga, na kinyume chake ni kufungua. Huwezi kutaja cha kwanza bila cha pili kusimama mlangoni. Mlo wa asubuhi tunauita kifungua kinywa, maana hata usingizi wa usiku ni mfungo mdogo wenye mwisho wake. Waswahili wa pwani wameliweka jambo hili hadi kwenye kalenda: mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi, unaofuata huitwa Mfunguo Pili, na hesabu inakwenda hivyo hadi Mfunguo Tisa, ndipo waje Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe. Miezi tisa kati ya kumi na miwili inahesabiwa kuanzia kufungua. Na Kiganda chetu je? Okusiiba ni kufunga, lakini ni kushinda pia, kuipitisha siku, ndiyo maana jioni tunasalimiana "Osiibye otya?" Anayeulizwa hivyo ni mtu aliyeimaliza siku. Hatuulizi hivyo maiti.

Nianze na haki ya upande wa kwanza, kwa sababu si kila wanachosema ni uongo. Baada ya kula, mwili hutumia sukari iliyomo kwenye damu na kuweka akiba nyingine kwenye ini na misuli. Akiba ya ini ni ndogo, takribani gramu 100 kwa mtu mzima aliyekula vizuri. Mlo unapokwisha kusagwa, ini huanza kuitoa akiba hiyo polepole ili ubongo usikose. Kadiri saa zinavyosonga, hasa zinapopita kumi na mbili hivi, akiba hupungua, insulini hushuka, na mwili huongeza kuchoma mafuta. Sehemu ya mafuta hayo hugeuzwa na ini kuwa ketoni, ambazo ubongo pia unaweza kuzitumia. Hakuna miujiza hapo, wala hakuna sumu. Ni kazi ambayo mwili wenye afya umeumbwa kuiweza.

Tena sisi wa Kampala tuna bahati ya jiografia. Tunaishi karibu kabisa na ikweta, hivyo mchana wetu hautofautiani sana mwaka mzima. Ramadhani iangukie Machi au Desemba, mfungaji wa hapa hukaa bila chakula wala maji kwa takribani saa 13. Ndugu zetu walioko kaskazini mwa Ulaya, Ramadhani ikiangukia Juni, hupita saa 18. Wala mfungo si mgeni katika nchi hii. Kabaka Muteesa wa Kwanza alianza kuifunga Ramadhani mwaka 1867 na akaendelea kwa takribani miaka kumi. Kwa hiyo anayesema kwamba mtu mzima mwenye afya ataharibikiwa kwa kukosa mlo wa mchana anabishana na mwili na anabishana na historia.

Lakini sifa wanazouongezea mfungo siku hizi ni biashara. Mwaka 2016 Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kugundua jinsi seli inavyomeng'enya na kutumia upya sehemu zake zilizochakaa. Utafiti wake mkuu aliufanya kwa hamira. Leo ukipita njia za Nakivubo, au ukifungua simu yako tu, utakutana na mtu anayekuuzia majani ya chai kwa jina la ugunduzi huo: funga saa kumi na sita, kunywa majani haya, seli zako zitaila saratani. Ohsumi hakuandikia mtu yeyote saa za kufunga. Alieleza namna chombo kinavyofanya kazi. Kutoka kwenye hamira ya maabara hadi kwenye uvimbe wa mama wa mtu ni safari ndefu, na anayeiruka kwa sentensi moja anataka fedha za mama huyo.

Hata katika kupunguza uzito, ambako ushahidi upo, sifa ni kubwa kuliko matokeo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 116. Kundi moja lilikula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu, kundi la pili lilikula milo mitatu ya kawaida. Baada ya wiki 12 tofauti ya uzito kati ya makundi hayo ilikuwa ndogo mno kuweza kuitegemea. Mwaka 2022 ukachapishwa utafiti wa China wa watu 139 wenye unene, waliofuatiliwa mwaka mzima. Wote walipunguza kiasi cha chakula, lakini nusu yao waliruhusiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni pekee. Makundi yote mawili yalipungua uzito, la kwanza kama kilo 8 na la pili kama kilo 6, na watafiti hawakuweza kusema kwamba saa zenyewe ndizo zilizoleta tofauti. Maana yake ni nini? Kufunga kwa saa ni njia mojawapo ya kula kidogo. Anayeiona rahisi kuliko kuhesabu sahani, na aitumie. Ila tusiifanye kuwa siri iliyofichwa na madaktari.

Sasa niugeukie upande wa pili, wa wale wanaotisha watu. Kampala nzima inaamini kwamba ukikosa chakula cha mchana utapata vidonda vya tumbo. Imani hii ilipaswa kufa zamani. Waaustralia Barry Marshall na Robin Warren walionyesha kwamba sehemu kubwa ya vidonda hivyo husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Marshall alifika hadi kumnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka 1984 ili kuthibitisha hoja yake, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Nobel. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, zile ambazo wachukuzi wa Owino humeza bila karatasi ya daktari ili mgongo uwaruhusu kubeba robota jingine. Njaa inaweza kumfanya mwenye kidonda ahisi maumivu zaidi, na mtu huyo anapaswa kumwona daktari kabla ya kufunga. Lakini kumwambia kijana mwenye afya kwamba Kwaresima itamtoboa tumbo ni kumdanganya. Baya zaidi, uongo huo unamwelekeza mgonjwa kula mara kwa mara badala ya kwenda kupimwa bakteria na kupewa dawa za kumuua.

Kumbe hatari za kweli ziko wapi? Turudi kwa ssenga. Vidonge alivyomeza alfajiri ile vilikuwa glibenklamidi, dawa ya miaka mingi na ya bei nafuu. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini. Dawa hii haijui kalenda. Haijui kwamba leo hakuna chakula cha mchana. Inaendelea kusukuma, insulini inaendelea kushusha sukari, na mdomo umefungwa. Jasho, kutetemeka, kukosea hesabu, kutazama bila kuona: hizo ni dalili za ubongo unaokosa sukari. Jirani yetu aliziita mfungo. Wangapi wengine wameziita hivyo?

Idadi yao si ndogo. Utafiti uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13, kwa watu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, ulionyesha kwamba wakati wa Ramadhani visa vya sukari kushuka kiasi cha kulazwa hospitali viliongezeka karibu mara 5 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, na mara 7 na nusu kwa wenye aina ya pili. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wagonjwa wanane hivi katika kila kumi wa aina ya pili walifunga siku zisizopungua 15. Yaani watu watafunga. Daktari anayesema "usifunge" kisha akageukia mgonjwa anayefuata hajamsaidia mtu, maana mgonjwa atafunga kwa siri, na mfungo wa siri hauna wa kuukatiza. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inashauri mgonjwa aonane na mhudumu wa afya wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuanza, ili dawa ibadilishwe au saa zake zihamishwe. Inashauri pia kwamba sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, au ikipanda juu ya 300, mfungo ukatizwe hapohapo, bila kusubiri adhana.

Wenye kisukari hawako peke yao. Yupo mjamzito, yupo anyonyeshaye, yupo mwenye ugonjwa wa figo anayehitaji maji, yupo anayemeza dawa zinazotakiwa kwenda pamoja na chakula. Yupo pia msichana wa bweni letu ambaye alianza kwa kufunga siku mbili kwa wiki ili apungue, na sasa hawezi kula mbele ya watu. Huyu wa mwisho hatumwoni kwa sababu tunamsifu. Kila anapopungua tunamwambia amependeza.

Hapo najua nitajibiwa: unaingilia dini. Mwalimu mmoja alinishauri kwa nia njema kabisa niachane na mada hii, kwa kuwa mambo ya imani hayajadiliwi kwa vipimo. Kwa heshima zote, nadhani waliofunga mlango ni sisi, na dini yenyewe iliuacha wazi. Aya za sura ya Al-Baqara zinazoamrisha funga zinamtoa mgonjwa na msafiri palepale, katika pumzi moja na amri. Asiyeweza kabisa ana njia ya fidia, kumlisha maskini kwa kila siku aliyoiacha. Kanisa Katoliki linawafunga kwa sheria ya mfungo watu wazima wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na kuwatoa wagonjwa. Nabii Isaya, katika sura ya 58, anawakemea watu wanaojitesa kwa mfungo huku wakiwaonea wafanyakazi wao, na anasema mfungo unaotakiwa ni kumgawia mwenye njaa chakula. Msamaha haukuongezwa baadaye na madaktari wasio na imani. Ulikuwamo tangu mwanzo. Jirani aliyesema "usimharibie thawabu zake" alikuwa mkali kuliko kitabu chake.

Na tunajua ukali wa namna hiyo unaweza kuishia wapi. Mwezi Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Miili iliyotolewa ilizidi 400. Wengi walikufa kwa njaa. Wengine, wakiwemo watoto, walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Waendesha mashtaka wanasema watu hao waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka, na kuamua hatia yake ni kazi ya mahakama. Ninachotaka tukitazame ni kitu kimoja: baadhi ya waliookolewa wakiwa hai walikataa chakula na maji walivyopewa.

Msomaji ataniambia kwamba nafananisha kichuguu na mlima, kwamba kati ya jirani mwema wa Owino na msitu wa Shakahola hakuna uhusiano. Nakubali kwamba umbali ni mkubwa mno, na sitaki mtu yeyote anayefunga Ramadhani au Kwaresima ajione amewekwa kapu moja na janga lile. Lakini ukiuliza ni kitu gani kilifanya mfungo wa Shakahola usiwe mfungo tena, jibu ni kwamba uliondolewa mwisho. Hapakuwa na futari wala Pasaka. Kufungua kulifanywa kuwa dhambi. Jirani yetu, kwa wema wake wote, alichukua hatua moja ndogo katika njia hiyohiyo: aliona kufungua ni kuharibu.

Sasa nije kwetu wenyewe, maana ni rahisi kukemea wahubiri na wauza majani. Katika mabweni yetu neno "nimefunga" lina maana ambayo kamusi haijaiandika. Wiki ya mwisho kabla ya fedha za matumizi kufika, mwenzako anakuita mkale rolex, nawe mfukoni una nauli tu. Unasema nini? Unasema umefunga. Nimelisema mwenyewe, siku ya Jumanne isiyo na Ramadhani wala Kwaresima, na rafiki yangu akanipongeza kwa ucha Mungu. Pongezi zile ziliniuma kuliko njaa.

Nenda Nakivubo ukamtazame mchukuzi anayebeba robota la nguo kutoka kwenye lori hadi ndani ya soko. Alikunywa chai asubuhi na atakula posho na maharagwe usiku, kama siku ilikuwa nzuri. Ukihesabu saa zake, anafuata ratiba ileile ambayo watu wa mjini wanalipia programu za simu ili wawekumbushwe. Je, anapata faida zake? Watu wa majaribio niliyoyataja walikuwa na uzito wa kupunguza, na mlo kamili uliwangoja saa zilipotimia. Mchukuzi huyu anachoma misuli yake mwenyewe ili alipe kodi ya chumba. Kumwita mfungaji ni kumtukana kwa lugha ya sifa. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku hizi mwenye shibe anamwambia mwenye njaa kwamba ana bahati, seli zake zinajisafisha.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba tofauti ya mfungo na njaa haipimwi kwa saa. Anayefunga ameweka chakula pembeni, na anaweza kukirudia. Mwenye njaa hana cha kurudia.

Wapo watakaosema kwamba nikiuacha mlango wazi kiasi hiki, kila mtu atatoka, na mfungo utabaki jina. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu nidhamu ya kufunga inatokana na kutokimbia kila tumbo linaponguruma. Nami sisemi mtu afungue kwa sababu ya kunguruma. Lakini tazameni mfano huu. Tarehe 26 Aprili 2021, Leicester City wakicheza na Crystal Palace katika Ligi Kuu ya Uingereza, mchezo ulisimama kidogo kipindi cha kwanza, jua lilipokwisha kuzama, ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu. Kipa alichelewesha mpira wa goli, wachezaji wawili wakaenda kando ya uwanja, wakapata walichopata, mpira ukaendelea. Je, mfungo wao ulidharauliwa? Naona uliheshimiwa kuliko mifungo yetu mingi, kwa sababu watu wasiofunga walijipanga ili wanaofunga waweze kufungua kwa wakati. Mlango uliokuwa wazi haukumtoa mtu kabla ya saa yake.

Basi nini kifanyike? Sitaki kumaliza kwa kuiomba serikali, kwa kuwa mengi yako mikononi mwetu. Kwanza, kila jumuiya ya dini chuoni inapotangaza mfungo, itangaze katika tangazo hilohilo nani anasamehewa na dalili zipi zinamtaka mtu afungue mara moja. Tangazo lenye saa za kuanza bila masharti ya kukatiza halijakamilika. Pili, anayemeza dawa yoyote ya kila siku aulize kabla ya kufunga, na sisi tunaosomea lugha tusaidie: tukaandike maelezo hayo kwa Kiswahili na Kiganda rahisi ambacho muuza mitumba anaweza kukisoma akiwa kibandani. Ssenga alipewa dawa kwa miaka, na karatasi zote zilikuwa kwa Kiingereza. Tatu, tuache kumwuliza mwenzetu "mbona hufungi?" Swali hilo humlazimisha msichana kueleza siku zake, mgonjwa kueleza ugonjwa wake, na maskini kuficha umaskini wake. Nne, mtu akikwambia amefunga siku isiyo ya mfungo, usimpongeze haraka. Mkaribishe mle pamoja jioni, useme chakula kimezidi.

Ssenga bado yuko Owino. Baada ya tukio la pili, ambalo sitalisimulia kwa kuwa amenikataza, alikubali kwenda kupimwa. Muuguzi alimbadilishia dawa na kumweleza kwamba kuchoma kidole ili kupima sukari hakuvunji mfungo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Ramadhani iliyopita alifunga siku kadhaa, akaacha zilizobaki. Kwa zile alizoacha alitoa fidia: kila magharibi sahani moja ya wali na maharagwe kwa mchukuzi wa upande wetu, kijana ambaye hakuwa Mwislamu na ambaye, kwa maneno yake, "hufunga" mwaka mzima.

Mwanzoni aliipeleka sahani ile akiwa ameifunika kwa kitenge, majirani wasijue kwamba yeye hajafunga. Siku za mwisho za mwezi aliibeba wazi. Yule jirani wa kibanda cha pili aliiona, akanyamaza, kisha akaongezea kipande cha nyama.